Mto Hausahau Njia Yake

Mtu apatapo shamba bondeni wakati wa kiangazi, humwuliza mzee wa jirani, "Je, maji hufika hapa?" Mzee hujibu, "Tangu kuzaliwa kwangu sijayaona." Mzee huyo hasemi uwongo. Lakini mimi naona jibu lake halitoshi, nami nataka kuwaonyesha ninyi wanafunzi sababu yake: umri wa mtu ni mfupi, na umri wa mto ni mrefu.

Sisi wa Rubya tunaishi baina ya maji na maji. Mashariki yetu liko Ziwa Viktoria. Mto Ngono nao huanzia huku kwetu upande wa Muleba, huelekea kaskazini katikati ya mafunjo, hata ukakutana na Kagera karibu na Kyaka. Kagera hukusanya maji ya Rwanda na Burundi, kisha huyamwaga ziwani, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Uganda. Ziwa likijaa, maji ya mito hukawia kutoka mlangoni, na vinamasi hupanuka.

Basi, ziwa hilo halikukaa mahali pamoja. Wataalamu waliochimba udongo wa chini yake wamegundua kwamba yapata miaka 17,000 iliyopita lilikuwa limekauka. Katika karne ya 19, karibu na mwaka wa 1878, lilipanda sana. Kisha likashuka kabla karne ile haijaisha. Tangu mwaka wa 1896 maji yake yamepimwa na kuandikwa. Mwishoni mwa mwaka wa 1961 mvua ilinyesha kupita kiasi, na kufikia mwaka wa 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Mwaka wa 2006 lilikuwa limeshuka mno, kwa sababu ya ukame na ya maji mengi yaliyofunguliwa katika mabwawa ya Jinja. Mwezi wa Mei 2020 likaipita kidogo alama ya 1964, na mwaka wa 2024 likapanda zaidi. Fikirini sasa: aliyezaliwa mwaka wa 1970 akajenga ufukoni mwaka wa 2006, angaliwezaje kujua habari hizi kwa macho yake tu?

Maji yetu hupita Jinja yakaenda mpaka Misri. Watu wa huko waliyapima maji ya Naili tangu zamani sana. Hesabu za Cairo zilizosalia zaanzia mwaka wa 622, na nguzo ya kupimia iliyojengwa mwaka wa 861 katika kisiwa cha Roda ingaliko hata leo. Mwingereza mmoja, jina lake Hurst, aliyefika Misri mwaka wa 1906, alizichungua hesabu hizo muda mrefu. Akaona kwamba miaka ya maji mengi hupenda kufuatana kwa makundi, na miaka ya maji machache vivyo hivyo. Habari hiyo aliitangaza mwaka wa 1951. Maana yake kwetu ni hii: miaka 20 ya salama si ahadi ya mwaka wa 21.

Wengine watasema, "Mafuriko haya yameletwa na watu wakatao miti." Neno hilo lina kweli ndani yake. Kilima kilicho uchi hakishiki maji. Mvua huteremka kwa ghafula na kuchukua udongo. Lakini ziwa lilipanda mwaka wa 1878 na mwaka wa 1961 kwa sababu ya mvua nyingi, wala si kwa shoka. Basi tupande miti, lakini tusidhani kwamba miti peke yake itauzuia mto usirudi katika njia yake ya kale.

Tufanyeje, basi? Kwanza, nyumba na vyoo vikae juu. Vijiji vingi vya kale vya Wahaya viko migongoni mwa vilima, kila nyumba ndani ya kibanja chake cha migomba. Sisemi kwamba wazee walikaa huko kwa kuogopa maji tu. Nasema mahali pale pangali ni pema. Bondeni tulime mazao ya muda, ambayo yakipotea mwaka mmoja hayampotezi mwenyewe. Najua kwamba watu wameongezeka na ardhi ya vilimani imekuwa haba. Lakini umaskini wa mtu aliyepoteza nyumba ni mkubwa kuliko wa mtu aliyekosa mavuno mamoja. Pili, mafunjo yasimalizwe kwa moto na jembe, maana huyapunguza maji mbio zake.

Tatu, tuandike. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Na maji ni kama mali. Ninyi mwaweza kuanza: mto wa karibu nanyi ukifurika, ngojeni maji yapungue, kisha tieni alama juu ya jiwe au ukuta mahali yalipofika, mwandike siku, mwezi na mwaka katika daftari la shule. Kazi hiyo haitaki fedha. Wajukuu wenu watakapouliza, "Je, maji hufika hapa?" hawatajibiwa kwa kumbukumbu ya mtu mmoja. Wataonyeshwa jiwe.