VIJANA WAPEWE SAKAFU

Mchezo wa ubao wa magurudumu manne si wa wahuni, kama wengi wetu tudhaniavyo. Mwaka 2021 ulishindaniwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, Tokyo, na msichana wa Kijapani wa miaka 13, Momiji Nishiya, akatwaa medali ya dhahabu. Jirani zetu wa Uganda walitutangulia: tangu mwaka 2006 vijana wa Kitintale, Kampala, wana uwanja wao wa saruji.

Atazamaye huona kijana akiruka, ubao ukijipindua chini ya nyayo zake, kisha akitua juu yake. Lakini hapana jambo jepesi hapo. Mguu wa nyuma hupiga mkia wa ubao sakafuni, wa mbele huteleza na kuuchota ukingo, ubao huzunguka, miguu huudaka ungali hewani. Yote hayo kwa kufumba na kufumbua. Mwanafunzi huanguka mara nyingi mno kabla ya kutua mara moja, wala cheo cha baba hakimsaidii. Hiyo ni shule ya uvumilivu.

Kijana wa Karagwe au Kyerwa atajifunzia wapi? Magurudumu yale ni madogo. Katika barabara za changarawe hayaendi. Pamebaki barabara ya lami, yenye malori na pikipiki, au sakafu ya kuanikia kahawa, iliyo jasho la wazee. Pa kwanza pana mauti. Pa pili atafukuzwa, na ni haki afukuzwe.

Kwa hiyo twaziomba halmashauri hizi mbili, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, kila moja itenge sakafu ya saruji laini kando ya uwanja wa mpira uliopo. Haihitaji paa wala jukwaa. Wako watakaosema kwamba madawati na dawa vitangulie. Ni kweli, navyo vitangulie. Lakini sakafu hiyo itafaa pia kwa mpira wa pete na kwa mikutano ya hadhara.

Ndugu zetu wa visiwani, wa Ukerewe na Bumbire, wasidhani kuwa hayawahusu. Palipo na uhaba wa ardhi, sakafu ndogo hupatikana kwa urahisi kuliko uwanja mzima.

Kila siku twawakataza vijana kucheza barabarani, na twafanya vema. Lakini amkatazaye mtoto njia moja ana wajibu wa kumwonyesha nyingine.