Boya Limekwenda na Maji

Sisi tunaoshindana kwa mashua hapa Lamu tumezoea mengi. Tanga likichanika, tunashona. Kiroba cha mchanga kikipasuka, tunajaza kingine. Upepo ukitulia katikati ya safari, tunaungoja. Tunashindana wakati wa Maulidi, tunashindana wakati wa tamasha la utamaduni, na hakuna nahodha anayelalamikia bahari. Tunalolalamikia, jioni tukikunja matanga, ni boya la kuzungukwa na mashua.

Boya lenyewe ni mtungi wa njano wa lita 20, kamba, na jiwe. Hakuna anayedai zaidi ya hapo. Lakini kila maandalizi yakianza, boya huwa la mwisho kukumbukwa. Mahema yamekodiwa, spika zimeletwa, fulana zimechapwa, wageni wameandaliwa viti vya mbele, kisha usiku wa kuamkia mashindano ndipo mtu anaulizwa kama ana kamba nyumbani. Anayo. Ni fupi.

Basi boya linatiwa asubuhi maji yakiwa yamekupwa, kina mita 5, kamba mita 6, na kila mtu anaridhika. Mtoto yeyote wa Shela anajua kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na kwamba maji yataongezeka mita 3 kabla ya jua kushuka. Yakishaongezeka, kuna mawili. Jiwe likiwa zito, mtungi unazama usionekane. Likiwa jepesi, mtungi unalinyanyua, maana mtungi wa lita 20 uliozamishwa huvuta juu kwa nguvu ya kilo 20 hivi, na vyote viwili vinaondoka na mkondo wa baina ya Lamu na Manda.

Nahodha wa kwanza amebisha njia nzima kwa upepo wa omo, vijana wamehamisha viroba kila tanga lilipogeuzwa, mikono imechubuka, anafika mahali pa boya na hapana boya. Wa pili anaona mtungi wa njano wa mvuvi aliyetega nyavu, anauzunguka huo. Wa tatu anamfuata wa pili. Jioni ufuoni wamepatikana washindi wawili, kikombe kimoja, na maneno ya wiki nzima.

Na upepo nao hugeuka. Kusi likielemea upande mmoja, pale palipotakiwa kubishwa panaendwa moja kwa moja, na ufundi wa nahodha hauna kazi. Boya lilifaa lisogezwe. Lakini boti ya injini ni moja, na hiyo hiyo ndiyo ya kutia maboya, ndiyo ya kuokoa waliopinduka, ndiyo ya kutembeza wageni, na petroli ilipimwa kwa safari moja. Tunajua fedha hazipo. Hatumlaumu mtu kwa kukosa fedha.

Ila haya hayataki fedha nyingi. Kamba ipimwe kwa maji yaliyojaa, si yaliyokupwa. Kizito kidogo kifungwe katikati yake, ili maji yakipwa ule urefu wa ziada uzame chini wala usinase usukani wa mtu. Nanga iazimwe kwa wavuvi, na wavuvi ni ndugu zetu, watatoa. Mtungi ufungwe kitambaa chekundu usifanane na wa nyavu. Na mzee mmoja akae karibu kwenye mtumbwi, aangalie. Hata kanuni za World Sailing, shirika la mashindano ya matanga duniani, zinaruhusu: boya likipotea, chombo kinaweza kusimama mahali pake na bendera ya M, ya buluu yenye msalaba mweupe wa mshazari, kikipiga honi mfululizo. Mtumbwi tunao. Mzee tunaye. Kitambaa cha buluu hakikosekani katika mji wenye mafundi cherehani wengi namna hii.

Haya tumeyasema barazani, tumeyasema ufuoni, tumeyasema kwa heshima mbele ya wakubwa. Kila mara tunajibiwa kwamba mwakani yatatazamwa. Na mwakani tutashindana vile vile, kwa kuwa mashua zikitweka tanga hakuna kijana wa hapa atakayebaki nchi kavu. Kikombe kikubwa hatuombi. Fulana tunazo.

Tunaomba kamba ya mita 15.