Kitabu cha Kutisha Alichoandika Mama

Kila Oktoba, majani yanapopukutika Ulaya na Marekani, wapenzi wa vitabu huko husoma hadithi za kutisha. Nawachagulia moja: Frankenstein, ya Mary Shelley wa Uingereza, iliyotoka mwaka 1818.

Mary alizaliwa 1797, na siku chache baadaye mama yake akafa kwa homa ya uzazi, ugonjwa ambao sisi wauguzi twauogopa hata leo. Mwaka 1815 alifiwa na mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa kabla ya siku zake. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 18, alianza kuandika.

Msomi mmoja anaunda kiumbe, kisha anamkimbia kwa ubaya wa sura yake. Kiumbe huyo alijifunza kusema kwa kuchungulia familia jirani, akitamani kupendwa. Alipokataliwa na wote, ndipo akaua.

Katika sinema ya 1931 kiumbe hasemi. Binti mdogo anazama ziwani, kwa hiyo wadogo walale kwanza. Tazameni na wakubwa, kisha waulizeni: nani alikosa kwanza?

Nasi tujiulize: nyumbani mwetu, yupo mtoto tunayemkimbia?