Mnagombania Rangi, Kutu Mmeiacha

Zambarau imechafua hali ya hewa. Staa mmoja wa mjini, jina kapuni ila mnamjua, kaposti Datsun 240Z aliyoachiwa na baba yake mdogo. Ni ile sports ya milango miwili ya miaka ya 70, sasa imepigwa zambarau inayong'aa mpaka unajiona sura. Komenti zikagawanyika kama Simba na Yanga.

Huku wapo wa "gari yake, hela yake, kelele za nini". Kule wapo wakongwe wa magari ya zamani, wakiongozwa na mfanyabiashara mmoja mwenye sports zake kadhaa, wanaolia kwamba dogo kaiua. Wanataka irudishwe nyekundu na boneti nyeusi, eti kama ilivyotoka kiwandani.

Hapo wakongwe wameteleza. Nyekundu yenye boneti nyeusi ni rangi ya timu ya mashindano. Ndiyo 240Z aliyoshinda nayo Edgar Herrmann kwenye East African Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta akarudia mwaka 1973. Boneti ilipigwa nyeusi isiyong'aa ili jua lisimrudie dereva machoni. Za kuuzwa kwa watu wa kawaida zilitoka rangi kibao: chungwa, nyeupe, kijani, bluu, dhahabu. Na kwenye video ya staa mwenyewe, mlango ukifunguliwa, kwenye bawaba chungwa la zamani linaonekana kabisa. Kwa hiyo hata hao wanaolilia orijino wanataka feki nyingine. Anayetaka kujua gari ilizaliwa na rangi gani anafunua kapeti, anachungulia nyuma ya dashibodi na kwenye kona ambazo fundi mvivu hafiki.

Zambarau basi siyo msiba, rangi inakwanguliwa. Msiba uko kwenye maneno aliyoandika staa kwa kujisifu: "Siku tatu tu, mafundi wamemaliza."

Siku tatu, gari ya miaka hamsini! 240Z inajulikana kwa kuoza: sakafu, chini ya betri, kingo za chini za milango, matao ya matairi ya nyuma. Kazi yake ni kukwangua mpaka bati lionekane, kukata palipooza, kuchomelea bati jipya, kunyoosha, praima, puti kidogo, msasa, msasa tena, ndipo rangi. Hiyo ni miezi, na gereji inayojiheshimu inakutumia picha kila hatua. Siku tatu zinatosha kujaza puti juu ya kutu na kufunika. Kutu ikifunikwa haifi, inaendelea kula kimyakimya mpaka rangi ianze kutoa malengelenge. Na sakafu hiyo ndiyo inayoshikilia kiti cha dereva, siyo ishu ya urembo tena.

Kuna kingine ambacho wengi wamekipita. Kijana anayepuliza rangi kwenye ile video kajifunga kitambaa puani. Rangi hizi za kuchanganya na hadena huwa na isosayaneti, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya kudumu, na kitambaa hakizuii kitu. Gereji inayobana hela kwenye bati haiwezi kumnunulia fundi barakoa ya maana. Komenti zote zile za kuchambana, kijana huyo hakuna aliyemwona.

Staa ana kosa lake, alitaka picha kuliko gari. Ila wakongwe nao wasijisafishe. Wanawajua mafundi bodi wazuri, wale wa kutengeneza sakafu nzima kwa nyundo, na wanawaficha kama siri ya ndoa wakiogopa foleni na bei kupanda. Dogo kabla ya kupeleka gari aliuliza mtandaoni wapi pa kwenda, posti bado ipo. Wakongwe walewale wanaomponda leo walimjibu "inbox", halafu kimya. Akaenda kwa wa siku tatu.

Jana mdau mmoja kamuuliza: "Kaka, chini ya kapeti kukoje?" Staa kagonga laiki, kapita.