Mfalme aliyekinai sifa

Katika zoezi la kutafsiri tulipewa sentensi fupi ya Kiingereza: "The king was sated with praise." Karibu darasa zima liliandika kwamba mfalme aliridhika na sifa. Mimi pia nilianza hivyo, kisha nikafuta, nikaandika: "Mfalme alikuwa amekinai sifa." Nilinyimwa alama, kwa sababu jibu lililokubaliwa lilikuwa "aliridhika". Alama zenyewe si nyingi. Lakini kosa hili linarudi kila mara, na nadhani najua linakotoka.

Wengi wetu hatutoki Kiingereza kwenda Kiswahili moja kwa moja. Kwanza tunaandika sentensi ya Kifaransa pembeni ya daftari, na hiyo ndiyo tunayoitafsiri. Hapo "sated" inageuka "satisfait", na "satisfait" inakuwa kuridhika. Kila hatua inaonekana salama. Ila mfalme wetu wa Kifaransa anafurahia sifa na angependa kuzisikia tena kesho; yule wa Kiingereza hataki hata moja zaidi. Kifaransa kina "rassasié", ambayo ingetufikisha karibu, lakini nani anaikumbuka saa ya mtihani?

Kitenzi "sate" ni cha zamani. Kiingereza cha kale kilikuwa na "sadian", kushiba. Baadaye umbo lake lilivutwa na Kilatini "satis", yaani "ya kutosha", neno lililozaa pia "satiate" na "satisfy". Katika ukoo wa "sadian" yumo mtu tunayemjua tangu sekondari: "sad". Zamani "sad" alikuwa aliyeshiba, kisha aliyechoka, kisha mtu mzito, na mwisho mwenye huzuni. Hata "soûl" ya Wafaransa, mlevi, imetokana na neno la Kilatini la mtu aliyeshiba. Niliposoma hayo nilielewa kwa nini mfalme yule hakuwa na furaha.

Sasa Kiswahili. Ukila bukari na sombe leo, utashiba. Ukila sombe ile ile asubuhi na jioni wiki nzima, utakinai, hata kama mama ameipika vizuri. Najua kukinai kwaweza pia kuwa kutosheka na ulicho nacho. Ndiyo maana nalipenda neno hili hapa, kwani lina pande mbili kama "sate" yenyewe. Sentensi ndiyo inayoamua. Mwingereza akisema "sated with" kitu kizuri, mara nyingi kimemzidi. Akisema "sate one's hunger", hakuna kuzidi: mtu amekula, basi.

Na hapo kuna mtego mwingine. Mwingereza anaweza kuishibisha njaa yenyewe. Sisi tunamshibisha mtu, njaa tunaituliza na kiu tunaikata. Tena "sated" ina sura ya kutendwa, kwa hiyo wenzangu huandika "nimeshibishwa". Mgeni gani, akisogeza sahani, humwambia mwenye nyumba "nimeshibishwa"? Husema "nimeshiba". Ile nyingine ingefanya watu waulize ni nani aliyemlazimisha kula.

Rafiki mmoja alinipinga. Kukinai, alisema, ni neno la Zanzibar, la vitabuni. Sisi huku tunasema "kuchoka na". Hoja yake ni nzuri, na sina ugomvi nayo. "Mfalme alikuwa amechoka na sifa" ni tafsiri sahihi, pengine iliyo hai zaidi masikioni mwetu. Hata hivyo, hakuna hata mmoja wetu aliyeiandika siku ile, ingawa sote tunaisema nyumbani. Tuliiacha mlangoni mwa darasa pamoja na lugha ya nyumbani, tukaingia na Kifaransa. Sikilaumu Kifaransa, hata maelezo ya masomo yangu nayaandika kwacho. Lakini katika zoezi lenye lugha mbili, hiyo ya tatu isiwe ndiyo inayosahihisha.

Ninaomba mambo mawili. Tafsiri ya Kiswahili ipimwe kwa kuiweka kando ya sentensi ya Kiingereza, bila karatasi ya katikati. Na anayeandika "aliridhika" aulizwe tu: tukimsifu tena mfalme huyu kesho asubuhi, atatupokeaje?