Kitabu Hakina Pacha

Muuza vitabu vya mtumba ninayemwendea kila mwisho wa mwezi pale Posta ana dawa moja kwa wagonjwa wote. Ukimwambia kitabu ulichochukua juzi umekipenda, hainui hata macho. Mkono unazama kwenye rundo na kuibuka na kingine. "Kaka, kama kile kilikukuna, huyu hapa ndugu yake." Na kweli ukitazama jalada, undugu upo: mchawi mwenye kofia ndefu, joka, upanga. Nimeshanunua ndugu kumi na mmoja. Wote wako nyumbani juu ya kabati, kila mmoja amekunjwa ncha kwenye ukurasa wa arobaini au hamsini, pale nilipomwachia.

Simlaumu, maana anasema yanayosemwa na kila mtu. Maduka ya mtandaoni yamelifanya jambo hili kanuni: waliosoma hiki wamesoma na kile. Ukimaliza mfululizo wa fantasia nyepesi, zile riwaya za uchawi na kicheko, ukabaki umeduwaa, utaambiwa tafuta mfululizo mwingine unaofanana nao. Mimi nasema hiyo si dawa. Hiyo ndiyo inayokufanya uchukie kusoma.

Nichukue mfano ninaoujua. Mwingereza Terry Pratchett aliandika riwaya 41 za Discworld. Ya kwanza ilitoka 1983, ya mwisho 2015, miezi michache baada ya yeye kufariki. Dunia yake ni bapa kama sinia, imebebwa na tembo wanne waliosimama mgongoni mwa kasa anayeogelea angani. Ukifunga kitabu cha 41 unajiona kama abiria aliyeshushwa kituo asichokijua, usiku, daladala imeshaondoka. Hapo ndipo unapoanza kuuliza watu usome nini, nao wanakupa orodha ndefu ya wachawi wachekeshaji.

Lakini ulipenda nini hasa? Katika Men at Arms, iliyotoka 1993, kuna askari anaitwa Sam Vimes. Siku moja anawaza kuhusu buti. Maskini ananunua za dola kumi. Msimu mmoja au miwili zimeshaanza kuingiza maji, ananunua nyingine. Tajiri ananunua za dola hamsini, na miaka kumi baadaye miguu yake bado mikavu. Katika miaka hiyo kumi maskini ameshatumia dola mia, na bado analowa. Niliusoma ukurasa huo nikiwa nimesimama dukani kwa Mangi nasubiri chenji. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja ananunua mafuta ya kupikia ya kupima, kijichupa amekuja nacho mwenyewe. Siku iliyotangulia alikuwa pale pale na kijichupa kile kile. Ukijumlisha vipimo vyake vya mwezi mzima, lita moja inamgharimu zaidi kuliko mimi niliyekuwa nimebeba dumu la lita tano. Nilirudisha macho kitabuni nikaona aibu na dumu langu.

Ukurasa ule hauna joka wala fimbo ya uchawi, na ndio ninaoukumbuka kuliko zote. Wala siko peke yangu. Mwaka 2022 Jack Monroe, mwandishi wa Uingereza anayepigania haki za maskini, alitaka kipimo cha kuonyesha jinsi vyakula vya bei ya chini kabisa vinavyopanda bei. Kipimo hicho akakipa jina la Vimes na buti zake, kwa ruhusa ya warithi wa Pratchett.

Sasa anayekuletea kitabu kingine chenye mchawi mwenye kofia amekuletea nini? Amekuletea kofia.

Biashara ya vitabu inaijua njaa hii na imeilisha kofia kwa miaka mingi. The Lord of the Rings ya Tolkien ilitoka 1954 na 1955. Mwaka 1977 ikaja The Sword of Shannara ya Terry Brooks. Wahakiki waliishambulia kwamba imefuata nyayo za Tolkien hatua kwa hatua, lakini sokoni ikauzwa kama njugu. Harry Potter naye hakukosa mwigaji wake. Mwaka 2002 Mrusi Dmitri Yemets alimleta Tanya Grotter, binti yatima wa shule ya uchawi. Potter ana kovu kwenye paji la uso, Tanya ana doa la ajabu puani. Potter anapaa kwa ufagio, Tanya anapaa kwa kontrabasi, lile zeze lenye ukubwa wa kabati la nguo. Nakiri kontrabasi ilinichekesha. Mahakama ya Amsterdam haikucheka. Mwaka 2003 ilizuia tafsiri ya Kiholanzi isitoke. Yemets alijitetea kwamba anafanya mzaha, na mzaha kweli upo. Ila mtoto aliyemaliza Potter huku analia hakuwa analilia ufagio.

Aliyeuchoka mchezo huu mapema ni Diana Wynne Jones, naye alikuwa fundi wa fantasia. Mwaka 1996 alitoa The Tough Guide to Fantasyland, kitabu kilichojifanya mwongozo wa watalii wanaokwenda nchi ya fantasia. Humo msafiri anaonywa kwamba chakula ni mchuzi mzito wa nyama, leo, kesho na keshokutwa, hata kambini porini ambako hakuna mtu mwenye saa kadhaa za kukaa na chungu. Farasi nao hawachoki. Nilipokimaliza niliwatazama ndugu zangu wa juu ya kabati nikaanza kuhesabu michuzi.

Pratchett mwenyewe hakuwa mwanafunzi mzuri wa kanuni ya kufanana, hata kufanana na Pratchett. Riwaya mbili za kwanza za Discworld zilikuwa za kuwadhihaki waandishi wa fantasia waliomtangulia, Fritz Leiber akiwa mmoja wao. (Simshauri mtu aanzie hapo, na ninajua nitagombezwa kwa hili.) Kufikia 1989, katika Guards! Guards!, joka lipo, lakini kisa ni cha polisi wachache wa zamu ya usiku ambao mji mzima umewadharau. Angeendelea kutania wenzake kwa vitabu vyote 41, leo tusingekuwa tunamlilia.

Najua nitakachojibiwa. Mtu ametoka kazini, amekaa saa mbili kwenye foleni ya Mbagala, anataka kitu chepesi anachokijua. Kwa nini umnyime? Simnyimi. Mimi mwenyewe nimesoma Legends & Lattes ya Travis Baldree, iliyotoka 2022, ambamo jitu la kike lililochoka kupigana kwa malipo linatundika upanga na kufungua mgahawa wa kahawa katika mji ambao watu hawajui kahawa ni nini. Nilikipenda. Nilikipenda kwa sababu hakimwigizi Pratchett hata kidogo. Kina harufu ya maandazi na utulivu, na ile hasira ya Vimes hakina wala hakiihitaji. Aliyenipa aliniambia ni "Pratchett mtupu", na kurasa thelathini za kwanza aliniharibia, maana nilikuwa namtafuta mtu asiyekuwemo.

Kama lazima ufuate nyayo, basi zifuate kurudi nyuma. Nenda alikokunywa maji mwandishi wako. Pratchett alimpenda Jerome K. Jerome, na katika Three Men in a Boat, ya mwaka 1889, hakuna mchawi hata mmoja. Kuna wanaume watatu na mbwa katika mashua, na kopo la mananasi wasiloweza kulifungua kwa kuwa wamesahau kifungulio. Wanalichoma kwa kisu, wanalipiga kwa mlingoti, kopo linapondeka kila umbo isipokuwa kufunguka. Alimpenda pia mwandishi Wodehouse, ambaye uchawi wake wote uko kwenye sentensi.

Au kaa hapa hapa nyumbani. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951, inatokea katika nchi iliyo angani, miaka 32 kabla ya yule kasa. Humo Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Tulikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, tukakariri dhamira na wahusika, na hakuna mwalimu aliyetudokeza kwamba tumeshika fantasia. Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995, inamtia mhukumiwa kwenye chombo cha angani na kumpeleka nchi ambayo jina lake, ukilikata vizuri, linasema wale ni sisi. Sisemi vinafanana na Discworld, msinitege. Nasema vina watu waliokasirika wakaamua kutunga nchi.

Tena Pratchett aliagiza kazi zake ambazo hazijamalizika zisichapishwe. Agosti 2017, huko Dorset, diski kuu iliyokuwa na rasimu zake iliwekwa chini na mtambo wa mvuke wa kushindilia barabara ukapita juu yake. Binti yake, Rhianna, naye alishasema hakutakuwa na riwaya nyingine ya Discworld. Wenye mali wamefunga mlango kwa tani kadhaa za chuma, sisi bado tunazunguka nyuma ya nyumba tukitafuta dirisha.

Mwezi uliopita nilimwendea yule muuza vitabu nikamwambia, "Leo nipe kisichofanana na chochote ulichowahi kuniuzia." Kwa mara ya kwanza aliinua macho. Alifikiri, akainama chini ya meza, akatoa kitabu kisicho na jalada, kimeliwa na mende pembeni, cha mambo ya ufugaji wa nyuki. Akataka elfu mbili, tukaishia elfu moja na mia tano.

Niko ukurasa wa mia na kumi na mbili.