Saratani ya Matiti Isipewe Maficho

Adui asiye na maficho wala chakula hadumu porini. Sisi askari na polisi wa Juba twalijua hilo. Ndivyo ilivyo saratani ya matiti. Mwaka 1889 daktari Mwingereza, Stephen Paget, aliifananisha na mbegu iotayo tu penye udongo uifaao. Mwaka 1997 maabara ya Mina Bissell, Marekani, ilizizuia seli za saratani hiyo zisipokee ishara za mazingira yake; zikarudia umbo la kawaida, ingawa kasoro za jeni zake zilibaki. Mazingira nayo huamuru jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze.

Lakini uvimbe ukiachwa hujijengea ngome na kujivutia mishipa ya damu. Twawasihi makamanda: mwanamke mwenye uvimbe titini, awe askari au mke wa askari, apewe ruhusa ya hospitali siku hiyo hiyo.